Mwaka mmoja wa kujitolea: hasara au akiba?

Mwezi wa sita ukifika, kati ya Silver Spring na Alexandria haipiti Jumamosi bila harufu ya pilau. Watoto wamemaliza sekondari, mahema yamesimama nyuma ya nyumba, na wajomba na mashangazi wamejaa hadi barazani. Katika sherehe moja ya aina hiyo mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba mmoja alipomuuliza binti wa siku hiyo swali ambalo kila mjomba huuliza: "Haya mama, chuo unaanza lini?"

Binti akajibu kwa adabu kwamba chuo amepata, ila ameomba kuahirisha mwaka mmoja. Anataka kwanza kutumikia AmeriCorps, awasaidie watoto wa shule ya msingi kujifunza kusoma. Meza ikanyamaza. Baba yake, mtu aliyepita JKT Mafinga miaka ya themanini na ambaye sasa anafanya kazi zamu mbili, akaweka sahani chini. "Mwanangu," alisema, "sikukuleta Marekani ukafanye kazi ya bure."

Mzazi mwenzangu, usimcheke baba huyu. Wengi wetu tungesema vivyo hivyo, na pengine kwa sauti kubwa zaidi. Kodi ya nyumba inasubiri, karo inasubiri, na kule nyumbani kuna simu isiyoacha kulia. Mwaka mmoja si kitu kidogo. Lakini "kazi ya bure" si jina sahihi la jambo lenyewe, na familia nyingi zinasema hapana kabla ya kujua zinakataa nini. Safu ya mwezi huu inafungua kitabu hicho: programu hizi ni zipi, zinalipa nini, nani anaruhusiwa kuingia, na ni wakati gani jibu sahihi ni hapana.

Si jambo geni kwetu

Tuanze nyumbani. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Tanganyika tarehe 10 Julai 1963. Kenya ilifuata mwaka 1964 na Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile tunayoiita NYS, na Zanzibar ina JKU yake. Waliopita huko wanakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, afande asiyejua kucheka, na shamba la mahindi lisilo na mwisho. Wanakumbuka pia kwamba ndipo walipokutana na Mmakonde, Mhaya na Mpemba wakala sufuria moja.

Na ugomvi juu ya mwaka wa kulitumikia taifa nao si mpya. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria iliyowataka wasomi waingie JKT na kisha wafanye kazi kwa muda wakipokea sehemu tu ya mshahara wao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha mamia yao makwao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Utaratibu wa lazima kwa wahitimu ulisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Nchini Kenya, wanaume kwa wanawake waliokuwa wakielekea chuo kikuu katikati ya miaka ya 1980 walipitishwa NYS kwanza.

Wakati ule serikali ilitaka na vijana wakakataa. Katika sherehe yetu kijana ndiye aliyetaka na mzazi akakataa. Tofauti kubwa ni kwamba hapa Marekani hakuna anayelazimishwa. Programu hizi ni za hiari, hazina gwaride wala bunduki, na kuingia humo si kujiunga na jeshi. Nalisema wazi kwa sababu nimewasikia akina mama wakihofia kwamba mtoto akisaini "huduma kwa taifa" atapelekwa vitani. Hapelekwi.

Sisi wenyewe tuna uhusiano wa zamani na jambo hili kuliko tunavyodhani. Rais Kennedy alipoanzisha Peace Corps mwaka 1961, nchi mbili za mwanzo kabisa kupokea vijana wake zilikuwa Ghana na Tanganyika. Agosti mwaka huo makundi hayo mawili yalikaribishwa Ikulu ya Washington kuagwa, na wale wa Tanganyika wakaenda kupima barabara na kuchunguza ardhi. Mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps, Sargent Shriver, ndiye baadaye aliyesimamia kuanzishwa kwa VISTA, mpango wa kuwapeleka watu wajitolee kupambana na umaskini ndani ya Marekani yenyewe. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1964. Mwaka 1993 Rais Clinton alisaini sheria iliyoiunganisha VISTA na programu mpya chini ya jina moja: AmeriCorps. Wanachama wa kwanza waliapishwa Septemba 1994.

Milango mitatu

AmeriCorps ni mwavuli. Chini yake kijana anakuta milango mitatu mikubwa.

Wa kwanza ni ule wa jimbo na taifa. Hapa shirika la kiraia, shule au wilaya inapewa ruzuku na kuchukua vijana wa kufanya kazi halisi: kufundisha watoto kusoma, kujenga nyumba za watu wa kipato kidogo, kupanda miti, kuwasaidia wazee. Katika Washington utawaona City Year na majaketi yao mekundu kwenye shule za mji. Hao ni tawi la huduma hii. Anayetumikia muda kamili anatakiwa kufikisha saa 1,700, yaani karibu saa 40 kwa wiki kwa miezi kumi. Kuna pia vipindi vifupi: saa 900, saa 450, saa 300, ambavyo mtu anaweza kuvifanya huku akisoma au wakati wa likizo ya kiangazi.

Wa pili ni NCCC, wa vijana wa miaka 18 hadi 26. Hawa huishi pamoja kambini, huvaa sare, na husafiri kwa vikosi kwenda penye maafa, penye ujenzi na penye misitu. Malazi na chakula hutolewa. Baba zetu wa JKT wataufahamu mlango huu haraka kuliko wengine, ukiondoa kwata.

Wa tatu ni VISTA, wa mwaka mzima. Hapa mtu hakamati jembe wala kufundisha mtoto mmoja mmoja. Anaketi ndani ya shirika linalopambana na umaskini na kulijengea uwezo: kutafuta fedha, kupanga mipango, kuandaa mafunzo, kuwatafuta wafadhili na watu wa kujitolea. Unawafaa zaidi waliomaliza chuo na wanaotaka kujua ofisi inaendeshwaje.

Tupige hesabu

Sasa tuje kwenye neno la baba: bure.

Anayetumikia muda kamili hulipwa posho ya kujikimu. Si mshahara mnono, na hapa Washington, penye kodi za nyumba zinazotisha, posho hiyo peke yake haiwezi kumlipia mtu chumba, chakula na usafiri. Kijana aliyetoka jimbo jingine akaja kutumikia hapa hubanwa kweli. Lakini watoto wetu wengi wana kitu ambacho huyo hana: chumba kwa baba na mama, na ugali mezani. Kwa anayeishi nyumbani, posho ileile iliyokuwa shida kwa mwenzake inaweza kulipa nauli na simu na kubakiza akiba kidogo.

Juu ya posho kuna bima ya afya kwa wa muda kamili, na msaada wa malipo ya kulelewa mtoto kwa mzazi anayestahili. Wenye mikopo ya elimu ya serikali ya shirikisho wanaweza kuomba kusimamisha marejesho wakati wa huduma, na wakimaliza vizuri, riba iliyokusanyika kipindi hicho hulipwa na mfuko wa huduma ya taifa.

Kisha inakuja tuzo ya elimu. Kiwango chake hufuata kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell. Kwa miaka ya karibuni, aliyemaliza muda kamili amekuwa akipata dola 7,395, na aliyefanya saa 900 nusu yake. Fedha hizi hazipitii mfukoni. Zinakwenda moja kwa moja kulipa karo ya chuo kinachotambuliwa katika misaada ya shirikisho, au kupunguza mkopo wa elimu uliopo. Mwenye tuzo ana miaka saba ya kuitumia. Vyuo kadhaa huongeza cha kwao juu ya tuzo hii, kwa hiyo inafaa kuuliza. Kwa mtoto anayepanga kuanzia Montgomery College, Northern Virginia Community College au Chuo Kikuu cha District of Columbia kabla ya kuhamia kwingine, kiasi hicho si cha kubeza.

Mtu akitumikia mara mbili anaweza kupata tuzo mbili kamili. Huo ndio ukomo.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau hadi barua ya kodi inapofika: tuzo ya elimu hutozwa kodi ya mapato katika mwaka inapotumika, na posho nayo hutozwa. Wekeni kiasi kidogo pembeni. Usimwache mtoto akutane na barua hiyo peke yake mwezi wa nne.

Nani anaruhusiwa, nani asijaribu

Sehemu hii naomba isomwe na kila mtu, hasa wanafunzi.

Milango ya jimbo na taifa pamoja na NCCC imewekewa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani. Aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza na kupokea kadi yake anaruhusiwa, hata kama ana miezi miwili tu nchini. VISTA kwa kawaida imekuwa pana zaidi: imewapokea pia wakimbizi na waliopewa hifadhi, hata kabla hawajapata kadi. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi kupitia kambi za Kigoma au Kakuma wajue hilo. Masharti hubadilika, kwa hiyo thibitisha na programu yenyewe kabla ya kuacha kazi uliyonayo. Peace Corps ni ya raia wa Marekani peke yao.

Mwenye viza ya mwanafunzi, ile F-1, haruhusiwi kuingia AmeriCorps. Posho ile inahesabiwa kuwa malipo, na malipo yasiyo na kibali yanaweza kuharibu hadhi yako ya uhamiaji. Usishawishike na rafiki anayesema "jaza tu, hawaangalii." Wanaangalia: kila mwombaji hukaguliwa nyaraka na rekodi ya uhalifu, na huchukuliwa alama za vidole pale inapotakiwa.

Mwanafunzi wa F-1 bado anaweza kujitolea bila malipo yoyote katika shirika la hisani: kugawa chakula, kusafisha mto, kusomea watoto maktabani. Mpaka wake ni huu: kazi iwe ile ambayo watu wote huifanya kwa kujitolea. Kama ni kazi ambayo mwingine analipwa kuifanya na wewe unaifanya bure ukingoja nafasi, hapo umeingia penye utelezi. Nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, uliza, na uombe jibu kwa maandishi.

Jambo dogo linalowakwamisha wengi wetu ni majina. Pasipoti inasema Mwanahamisi Juma Ali, cheti cha shule kinasema Mwanahamisi Ali, kadi ya hifadhi ya jamii ina herufi iliyopotea. Mkaguzi hawezi kujua kwamba wote ni mtu mmoja. Linganisheni nyaraka mapema, msingoje wiki ya kuanza.

Kilicho karibu zaidi

Si lazima kila kitu kipitie serikali kuu. Maryland ilianzisha mpango wake baada ya Gavana Wes Moore kusaini sheria ya mwaka wa huduma mwaka 2023, na kundi la kwanza likaanza Oktoba mwaka huohuo. Unamlenga kijana aliyemaliza sekondari au cheti kinacholingana nayo ndani ya miaka mitatu, na una tawi jingine kwa waliomaliza zamani. Kijana hupangiwa mahali pa kazi kwa karibu miezi tisa na hulipwa kwa saa, si chini ya dola 15. Akimaliza huongezewa dola 6,000. Kwa familia ya Silver Spring, Hyattsville au Laurel inayosema posho ya AmeriCorps haitoshi, mpango huu unastahili kutazamwa kwanza.

Na wale ambao watoto wao bado wako darasani, jueni kwamba huduma tayari imo ndani ya cheti. Maryland humtaka mwanafunzi wa shule za umma afikishe saa 75 za kujifunza kwa kutumikia kabla ya kuhitimu. Shule za Washington zinataka saa 100. Kila mwaka kuna mtoto wetu anayekumbuka mwezi wa nne wa mwaka wa mwisho kwamba ana saa tisa tu. Anzeni mapema, na mfanye pamoja. Jumatatu ya tatu ya Januari, sikukuu ya Martin Luther King, Bunge liliifanya siku ya taifa ya huduma kwa sheria ya mwaka 1994. Siku hiyo kuna kazi kila kata, kuanzia kingo za mto Anacostia hadi maghala ya chakula. Ni njia nzuri ya kumpima kijana anayesema anataka mwaka mzima: mpe kwanza siku tano za baridi, uone.

Faida isiyo na risiti

Fedha zinahesabika. Kuna mengine yasiyohesabika kirahisi.

La kwanza ni watu. Kijana wetu wa hapa mara nyingi anaijua shule yake, msikiti au kanisa lake, na jamaa za wazazi wake. Hana shangazi katika wizara, hana mjomba wa kumpigia simu mkurugenzi. Nyumbani tungesema hana mgongo. Mwaka wa huduma humpa wasimamizi wanaomwona akifanya kazi kila siku na wanaoweza kumwandikia barua ya kweli. Katika mji huu, ambamo mashirika na ofisi za serikali zimebanana, barua hiyo ina uzito. Anayemaliza VISTA hupata pia, kwa mwaka mmoja, nafasi ya kuajiriwa na ofisi za shirikisho bila kushindanishwa na umma wote.

La pili ni lugha. Watoto wengi huona haya kusema Kiswahili mbele ya wenzao. Mpeleke kijana huyo kwenye ofisi inayopokea familia za wakimbizi. Siku mama wa Kikongo atakapoingia na barua ya shule asiyoielewa, Kiswahili kile alichokionea haya kitageuka kuwa kitu ambacho ofisi nzima inakihitaji. Atagundua pia kwamba Kiswahili cha Bukavu si cha Tanga, na itabidi asikilize kwa makini.

La tatu ni kujijua. Mtoto anayeingia chuo bila kujua anataka nini anaweza kubadilisha fani mara tatu, na kila mara ni karo. Yule aliyekaa mwaka mmoja na watoto thelathini wa darasa la tatu anajua kama ualimu ni wake au si wake. Kujua kwamba si wake ni faida vilevile.

Bibi naye

Hili ndilo wasomaji wataniuliza zaidi, kwa hiyo nalitaja. AmeriCorps ina upande wa wazee, kuanzia miaka 55. Kuna mabibi na mababu wa kujitolea wanaokaa na watoto shuleni, kuna wanaowatembelea wazee wenzao walio peke yao majumbani, na kuna wanaotoa saa chache tu kwa kazi wanayoipenda. Kwa wenye kipato kidogo, baadhi ya nafasi hizo zina malipo madogo ya saa.

Tunawaleta wazazi wetu hapa, tunawaweka ghorofa ya nne, tunatoka alfajiri na kurudi usiku, halafu tunashangaa mama amekonda na anataka kurudi Moshi. Mwalimu mstaafu aliyefundisha miaka thelathini hajaisha kwa kupanda ndege. Ulizeni masharti ya ukaazi na ya kipato katika programu iliyo karibu nanyi. Na kuna kifungu kizuri: aliyekuwa ametimiza miaka 55 wakati anaanza kutumikia kupitia mlango wa jimbo na taifa anaweza kumhamishia mtoto au mjukuu wake tuzo ya elimu aliyoipata. Bibi anaweza kumlipia mjukuu karo kwa jasho lake mwenyewe, hapahapa Marekani.

Wakati wa kusema hapana

Ningekuwa nawadanganya kama ningeishia kwenye sifa.

Programu hizi hutegemea bajeti ya serikali, na bajeti hutikisika. Aprili 2025 wafanyakazi wengi wa shirika la AmeriCorps walisimamishwa kazi kwa likizo ya lazima, ruzuku za karibu dola milioni 400 zikakatwa, na vijana wa NCCC wakarudishwa makwao kabla ya muda. Majimbo zaidi ya ishirini na Washington yenyewe yalikwenda mahakamani, na mwezi wa sita jaji wa shirikisho wa hapa Maryland aliamuru ruzuku zirudishwe katika majimbo yaliyoshtaki. Kikanuni, anayeondolewa bila kosa lake anaweza kupata sehemu ya tuzo kulingana na saa alizotumikia. Hata hivyo, kijana aliyekuwa akitegemea bima na posho alilala akiwa navyo na kuamka hana. Kwa hiyo usiingie bila mpango wa pili.

Usiingie pia kama mshahara wako ndio unaolipa nusu ya kodi ya nyumba ya wazazi. Hakuna aibu. Mtoto anayefanya kazi dukani ili wadogo zake wabaki na paa anatumikia tayari. Anaweza kuchukua kipindi cha saa 300 wakati wa kiangazi, au kungoja. Na kama chuo kimekupa ufadhili mnono usioahirishika, nenda chuo. Nafasi ya kutumikia ipo hata ukiwa na miaka 22.

Zaidi ya hapo, jihadhari na matapeli. Kuomba AmeriCorps hakulipiwi. Anayekudai ada ya fomu ni mwizi, hata kama ni mtu wa kwenu.

Maswali sita kabla ya kusaini

Mkae mezani, mzazi na kijana, na kila swali lipate jibu lililoandikwa.

Chuo kimekubali kuahirisha, na ufadhili wake utabaki palepale? Barua iko wapi?

Posho ni kiasi gani kwa mwezi, na nauli ya Metro au mafuta yatakula kiasi gani?

Kazi yenyewe ya kila siku ni ipi, na msimamizi ni nani? Usikubali jibu la "kusaidia jamii." Ulizeni asubuhi ya Jumatatu inaanzaje.

Bima ya afya inaanza siku gani, na ni bora kuliko ile ya mzazi?

Ni kipi kilichokatazwa? Wakati wa saa za huduma mwanachama haruhusiwi kufanya kampeni za siasa wala kuhubiri dini, na wengine wameponzwa kwa kutojua.

Programu ikisimama katikati, tutafanya nini wiki inayofuata?

Yule binti wa sherehe aliulizwa karibu yote hayo, si na baba yake bali na mama yake, usiku uleule, vyombo vikiwa bado sinkini. Mawili hakuwa na jibu. Mama akampa wiki mbili. Alirudi na barua ya chuo, karatasi ya hesabu, na jina la shule atakayopangiwa, umbali wa basi mbili kutoka nyumbani. Baba alisoma karatasi ile kimya, akauliza tuzo inatozwa kodi kiasi gani, akarudia kuisoma. Kisha akauliza wanaanza saa ngapi asubuhi. Aliposikia ni saa moja na nusu, akasema zamu yake ya usiku inaisha saa kumi na mbili, kwa hiyo atampeleka yeye.

Hakusema ndiyo. Lakini aliyepita Mafinga anajua maana ya kumwamsha mtu alfajiri.